Mikono ya Mlenga Shabaha

Masika binti yangu,

Umeenda Katindo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefunga atelie yetu ya usonara mapema, nimemfukuza mteja aliyekuja kuuliza pete yake, na nimekaa kwenye meza yetu ya kazi, upande wako, kwa sababu upande wako ndio wenye mwanga. Mama yako yuko nyuma anakaanga mandazi ya njiani. Ameshakaanga ya kulisha basi zima.

Mambo ya maji ya kunywa, ya simu, ya mahali pa kuficha pasipoti, ameyashika yeye, na kesho asubuhi utayasikia tena mara tatu kabla hujafunga viatu. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, nalo si la Kampala unakokwenda. Ni la hapahapa mtaani Mapendo, la kabla hujajua kutembea, na nimelificha umri wako wote. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako ili uione ukiingia. Uisome leo, usiipeleke safarini, maana mwishoni nina swali na jibu lake nalitaka kesho.

Unamkumbuka yule muzee aliyekuja msimu huu wa mvua, akashuka kwenye pikipiki amelowa mpaka magotini? Anaitwa muzee Bauma, anakaa Kibati kwa binti yake. Ulimpa kiti karibu na jiko, ukampa chai. Alipokuwa akinywa aliyatazama masikio yako, akakuuliza:

"Mutoto, izi hereni nani alikutengenezea?"

"Ni Papa," ukasema. "Ni za ubatizo wangu."

"Feza muzuri iyi. Ya kweli kabisa."

Ukacheka, ukashukuru, ukatoka kwenda kununua makaa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinamia meza nikijifanya natafuta koleo. Koleo lilikuwa mkononi mwangu.

Sasa nikurudishe nyuma. Mara ya kwanza muzee Bauma kuingia katika atelie hii, wewe ulikuwa mtoto wa wiki tatu. Yeye alikuwa bado mtu wa nguvu, ametoka Masisi kwa miguu, na alikuwa na kitambaa alichokifunga mafundo mawili. Alikifungua mezani. Ndani mlikuwa na medali moja ya fedha, nzito, pana kama mdomo wa kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimeshika fedha ya kila namna, lakini kazi kama ile sikuwahi kuiona. Mtu amepiga goti moja, bunduki ndefu begani, jicho moja amelifumba. Nyuma yake kulikuwa na miti iliyochongoka na mlima wenye theluji. Ungeweza kuhesabu vifungo vya koti lake. Ungeweza kuhesabu vidole vyake, na kidole kimoja kilikuwa kimepinda kwenye bunduki pale mahali pa kufyatulia. Juu yake yaliandikwa maneno mawili ya Kifaransa: Tir cantonal. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini tir, yaani kupiga risasi, ninalijua, na katika mji huu nani asiyelijua.

Muzee alinieleza yaliyompata. Alipokuwa akishuka, vijana wenye silaha walimsimamisha kwenye kizuizi na kumpekua. Wakaikuta medali.

"Weye muzee," wakamwambia, "ulipiga batu ngapi mpaka bakakupa iyi?"

Akajibu ukweli: "Apana, bana yangu. Iyi ni ya maziwa."

Unaweza kufikiria walivyocheka. Wakacheka, kisha wakamkalisha kwenye mvua siku mbili, wakimuuliza ni kundi gani lililompa nishani ya kupiga risasi. Walimwachia walipochoka naye, na kwa nini hawakuichukua medali sijui mpaka leo. Labda waliiogopa.

"Ndiyo maana nimekuya kwako, Papa," akaniambia. "Weka kifuniko juu ya uyu mutu. Bati kidogo tu ya feza, bunduki isionekane. Siku amani itarudia, tutakitoa."

Nilimsikia vizuri. Nataka ulijue hilo, Masika. Sikukosea kusikia, na alilonena halikuwa na utata. Alisema kifuniko. Nikamwambia sawa, aende akasalimie watu wake sokoni, arudi saa kumi.

Alipotoka nikaipima ile kazi kwa macho. Kifuniko ni kazi ya nusu siku. Lazima upige kibati chembamba kama jani la kitunguu, ukikate kifuate umbo la mtu, ukilehemu kwa moto mdogo sana, na lehemu ikikimbia imeharibu uso wa kazi. Kukwangua kwa tupa ni nusu saa. Nami nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani na kazi tatu zimenilalia. Halafu, nikuambie yote, ile bunduki niliichukia. Miaka ile tulikuwa tumeshakimbia mara mbili kwa sababu ya bunduki, na sasa moja imeletwa mezani kwangu imenyamaza, haiwezi kunifanya kitu. Nikajiambia namfanyia muzee wema kuliko ule alioomba.

Nikachukua tupa.

Bunduki ilipita kifuani, na mikono ndiyo iliyoishika. Hakuna namna ya kuondoa bunduki ukabakiza mikono. Niliona hilo mapema kabisa, baada ya kusugua mara nne au tano. Ningeweza kuacha. Niliendelea. Nikatoa bunduki, nikatoa vidole, nikatoa vifundo vya mikono, nikasawazisha mpaka kwenye viwiko. Kisha nikatoa na lile neno tir, likabaki cantonal peke yake, neno lisilo na habari yoyote. Nikaing'arisha kwa majivu na kitambaa mpaka ikawaka. Yule mtu amepiga goti, amefumba jicho moja, na mbele yake hakuna kitu. Hata mimi niliona anachekesha.

Saa kumi muzee akarudi. Aliichukua, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaweka kidole gumba pale palipokuwa na mikono. Nikamwambia kwa sauti ya fundi aliyeridhika: "Muzee, kifuniko kingeng'oka. Hii ni ya milele. Hakuna mtu atakayekusumbua tena." Kidole gumba hakikuondoka pale. Nikafikiri anaistaajabia kazi.

"Aksanti, Papa," akasema. Akafungua mfuko wake, akanipa jibini moja la duara, lililofungwa katika jani la ndizi. Kwa vita ile hakuwa na kingine. Tulilila siku tatu, mimi na mama yako, na mama yako alisema hajawahi kuonja jibini la Masisi tamu kama lile.

Na bado sijafika penyewe.

Unaijua ile ngozi chini ya meza yetu, inayokinga vumbi la tupa. Unajua pia sheria yake, maana nimekuimbia tangu ulipokuwa unafagia hapa ndani: fedha ya mteja huyeyushwa mbele ya macho ya mteja, asije akasema umemchanganyia, lakini vumbi ni la meza. Ndivyo alivyonifundisha mzee aliyenilea katika kazi hii kule Butembo. Vumbi ni la meza, mteja akitaka vumbi lake aseme kabla. Kila sonara anaishi hivyo na hakuna anayeona haya. Siku ile vumbi lilikuwa jingi kuliko kawaida, maana tupa ilikuwa imekula mikono, bunduki na neno. Muzee hakuliomba. Angeliombaje, naye hakuniambia nipige tupa? Nikalikung'uta, nikalichanganya na vumbi kidogo la pete mbili za wiki ile, nikaliyeyusha, nikavuta waya, nikatengeneza hereni mbili ndogo za duara. Padri alipokumwagia maji ulikuwa umezivaa. Zimebadilishwa ndoano mara mbili kadiri ulivyokua, lakini fedha ni ileile.

Kwa hiyo bunduki ya muzee Bauma iko masikioni mwako, binti yangu. Pamoja na mikono.

Watu husema haraka haraka haina baraka, na mama yako anaisema kila Jumatatu. Mimi haraka yangu ilikuwa na baraka zote. Nilipata jibini, nilipata sifa, nilipata fedha ya ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Hakuna aliyenigombeza, hakuna kilichovunjika. Ndiyo sababu nilikaa miaka mingi bila kujua kwamba nimekosea. Makosa yaliyonichoma vidole nimeyaacha zamani. Hili lilinilipa vizuri, nikalirudia kwa wateja wengine kwa namna nyingine, nikiwafanyia ninachotaka mimi na kukiita wema. Unanijua. Ni mara ngapi umeniambia, "Papa, mama huyu alisema msalaba mwembamba," nami nikakujibu mnene unadumu?

Basi siku ile ya mvua, ulipotoka kwenda kutafuta makaa, muzee alikifungua kitambaa kilekile. Naapa ni kilekile.

"Papa Masika," akasema, "unaweza rudisha?"

Nikamuuliza: "Bunduki?"

"Apana. Bunduki miye sina kazi nayo. Mikono."

Ndipo aliponihadithia kile ambacho ningepaswa kumuuliza miaka ile, kabla sijashika tupa. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa Mzungu mmoja, Mswisi, aliyekuwa akitengeneza jibini milimani Masisi. Jina lake la kwao halikukaa kwenye ulimi wa mtu. Walimwita Papa Fromaji naye akaitika. Katika chumba cha maziwa alikuwa na ukuta mmoja aliotundika medali na sarafu kubwa za fedha, kama kumi hivi, na kila moja ina picha ya mtu na bunduki, au bunduki mbili zimepishana, au shabaha ya miviringo. Wafanyakazi waliuogopa ukuta ule. Waliambiana kwamba Mzungu huyu ni askari aliyeua watu wengi, ndiyo maana amekuja kujificha na ng'ombe. Bauma peke yake alithubutu kumuuliza: "Papa, batu ngapi?" Mswisi akacheka mpaka akakalia ndoo ya maziwa, kisha akaona uso wa Bauma, akaacha kucheka, akamweleza.

Nikuandikie kama muzee alivyoniambia, kwa maneno yake.

"Kwabo kule, Papa Masika, iko fete, sikukuu ya kupiga bunduki. Balimi banakuya, mwalimu anakuya, mutu wa mikate anakuya, hata bazee. Banalala chini, banapiga karatasi. Karatasi! Ule anafikisha katikati, banamupa feza yenye picha. Kisha banakula, banaimba, banalewa, banarudia ku nyumba. Kesho yake banakamua ng'ombe. Hakuna mutu anakufa. Miaka na miaka banafanya vile, na hakuna mutu anakufa."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Fikiria, Masika: watu wenye bunduki, wamelala kwenye majani, wanawake na watoto wamesimama karibu, na anayelia hayupo. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, alimwambia Papa Fromaji kwamba huo ni uongo. Mswisi akajibu kwamba kwao pia zamani bunduki zilifanya kazi nyingine, na zilichukua muda mrefu kujifunza hii.

Siku moja kipimajoto cha maziwa kikavunjika, na kingine kingechukua miezi kufika. Mswisi akaona kazi ya mwaka mzima imeharibika. Bauma akaingiza mkono katika pipa mpaka kwenye kiwiko, akangoja, akasema, "Sasa." Ilikuwa sasa. Kesho yake tena. Maziwa yakiganda alichukua konzi moja, akalifinya, akalifungua, akatazama linavyovunjika, na alijua kama jibini litatoka gumu au laini. Kipimajoto kipya kilipofika, Mswisi alikilinganisha na mkono wa Bauma, mkono ukawa kweli, akakiweka sandukuni. Alipozeeka na kurudi kwao alizishusha medali zote ukutani, akampa Bauma ile kubwa kuliko zote, ile aliyoipata yeye mwenyewe ujanani.

"Akaniambia, kwetu tunapea mutu ule anafikisha," muzee akasema. "Weye Bauma, kila siku unafikisha, na mikono tupu. Papa Masika, ndiyo medayi moja nilipata katika maisha. Nilipata juu ya mikono yangu."

Akaniwekea mezani. Mtu yule amepiga goti, hana mikono.

Sasa ana mjukuu wa kike, Neema, mkubwa kidogo kuliko wewe, anayetengeneza jibini pale Kibati kwa maziwa ya ng'ombe wawili wa jirani. Muzee anasema ndiye aliyerithi mkono. Anataka kumpa medali akiwa bado na macho ya kumwona akiipokea. Lakini alipomwonyesha, Neema akamuuliza babu yake: "Koko, juu ya nini uyu mutu hana mikono?" Muzee akamjibu kwamba imechakaa kwa uzee.

"Sikumuambia jina yako," akaniambia. "Weye ulinisaidia siku ile. Ulifanya yako."

Yaani aliongopa kwa mjukuu wake ili kunificha mimi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema habari ya vumbi. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Nikasikia viatu vyako nje, na gunia la makaa likishushwa, ukaingia na hereni zako zikicheza, nami nikasema, "Nitajaribu, muzee." Ni hayo tu niliyoyasema.

Nimejaribu. Zile jioni ulizokuwa unaniuliza kwa nini nakwaruza vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga, nilikuwa najifunza kuchonga mikono. Nikuambie bila kujidanganya: mimi ni sonara wa kuyeyusha, kuvuta, kulehemu na kupiga tupa. Kuchonga sura kwa kalamu ya chuma sikufundishwa, kwa sababu aliyenifundisha naye hakujua. Mkono wangu wa kwanza ulitoka kama uma. Wa pili kama mihogo mitano. Macho nayo, unayajua. Miwani hii niliinunua barabarani kwa mtu ambaye hakuniuliza hata kama naona karibu au mbali.

Miaka miwili ulikuwa ukiniomba nikuachie uende kwa yule mzee Mhindi wa Kampala anayefundisha kuchonga. Nilikujibu barabara si salama, mpaka hauaminiki, mama yako atakonda. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Niliogopa utarudi unajua kuliko mimi. Niliogopa wateja watapita upande wangu wa meza kuja upande wako. Nimeandika, sasa liko kwenye karatasi na siwezi kulipiga tupa. Wiki ile muzee alipoondoka ndipo nilipokuambia nenda. Ulimkumbatia mama yako ukidhani ndiye aliyenishinda. Mwache ashangilie, amenishinda katika mengine.

Usije ukafikiri nakutuma kwenda kulipa kosa langu. Nililiwaza hilo, nikaona ni tupa nyingine. Unaenda Kampala kwa sababu una mkono, na mkono wako niliujua tangu ulipokuwa na miaka tisa, ulipotoboa ushanga mdogo, na mimi nilipojaribu mwingine nikauvunja. Ukikaa mwaka, kaa. Ukikaa mitatu, kaa. Ukipata kazi huko na mtu mzuri, tutakuja kucheza harusi na mama yako ataleta mandazi. Kazi ya mikono ya muzee ni yangu na sijaiacha. Kila jioni nitakwaruza kopo moja. Wiki iliyopita vidole vitatu vilitoka vinavyoonekana ni vidole. Kidole gumba ndicho bado kinanikataa. Ukijifunza mapema kuliko mimi, njoo unicheke, uichonge. Nikikutangulia, utakuta imechongwa na nitakucheka mimi. Tushindane, wewe na baba yako, kwa haki. Ila tusichelewe, kwa sababu muzee hana miaka ya kutugawia. Nilimpigia simu kumwambia unaenda kujifunza. Akasema, "Aende pole pole. Miye nitangoya. Kungoya najua." Nikamuuliza mikono ikipatikana ishike nini, bunduki irudi au isirudi. "Fanya mikono kwanza," akasema. "Kitu ya kushika, Neema atachagua."

Kesho nikishakuona umevuka mpaka, sitarudi atelie. Nitapanda pikipiki moja kwa moja mpaka Kibati, na nitamwambia muzee Bauma habari ya vumbi, mbele ya Neema, ili uongo wa kuchakaa nao ufe. Si kwa simu, wala sitamtuma mama yako, ambaye amesoma juu ya bega langu alipoleta chai na sasa anajifanya moshi wa mafuta umemwingia machoni. Akinifukuza, nitafukuzika. Akinipa tena jibini nitajua amenikomesha kabisa.

Unionapo nimekaza moyo hivi usidhani siogopi. Naogopa sana. Nimekaa mezani hapa miaka mingi nikiitwa fundi mwaminifu, na nilikuwa mwaminifu kwa kila kitu isipokuwa kile ambacho sheria ya kazi iliniruhusu kuchukua. Nimechelewa kwenda, lakini nitaenda.

Sasa swali.

Mikono ile, nani ataichonga sijui, lakini lazima kwanza kipande cha fedha kilehemiwe pale nilipopasawazisha. Fedha yoyote ingefaa. Hakuna jicho duniani ambalo lingejua tofauti, na jicho la Mhindi wa Kampala lisingejua pia. Ila iliyotoka pale ninajua iko wapi. Nilikupa mwenyewe ukiwa huna meno, ni yako, ni ubatizo wako, na sina haki ya kuichukua kwa mara ya pili bila kuuliza. Mara ya kwanza ndivyo nilivyofanya.

Ukitaka irudi, ziweke hapa kwenye ngozi ya meza asubuhi, nitampelekea muzee azione kabla hazijayeyushwa, na zitayeyushwa mbele ya macho yake kama inavyopasa. Ukitaka kubaki nazo, baki nazo kwa moyo mweupe. Nitamwambia muzee ziko Uganda zinajifunza kazi, na kwamba ni zilezile alizozisifu akinywa chai. Wala usipime mimi nitapenda lipi. Sikutegi. Lolote utakalofanya hutaniona nimenuna, na unajua nikinuna huwa siwezi kuficha.

Na ukienda nazo, mpakani watakuuliza kama umebeba silaha. Sema hapana, na usicheke.

Nasikia mlango wa uani. Shangazi amekuachia mapema kuliko nilivyodhani, bila shaka umebeba sahani. Naikunja karatasi.

Kesho alfajiri nitakuwa nimesimama hapa na taa, kukubebea begi. Usishangae, mwanangu, nikiyatazama masikio yako kabla sijakutazama uso.

Ni mimi baba yako, wa upande wa meza wenye giza.